Vidonge vya Magnesiamu: Mbona Kila Mtu Ana Habari Yake?



Jumanne moja jioni mzee mmoja wa darasa letu la kisomo alikuja na kopo la plastiki mfukoni mwa koti. Alilitoa, akaliweka mezani karibu na chaki, akasema: "Mwalimu, leo tusome hili. Binti yangu ameniletea kutoka Marekani alipokuja likizo. Nimemeza siku 18 sasa, na sijui nameza nini."

Tukalisoma kwa zamu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini tarakimu kila mmoja aliziweza. Vidonge 120. Miligramu 500 kila kidonge. Jina la kitu chenyewe ni magnesiamu oksaidi. Mzee alieleza kwamba usiku shavu la mguu humkaza mpaka anaruka kitandani na kusimama akishika ukuta. Tangu aanze kumeza vidonge viwili kila anapokwenda kulala, anaona afadhali. "Zamani ilikuwa kila usiku," alisema. "Sasa nalala siku mbili tatu bila kusumbuliwa."

Mama mmoja anayeuza vitumbua stendi akadakia: "Magnesiamu? Hiyo si ya kiungulia? Mimi naitafuna kila siku, na miguu bado inanikaza!"

Kaka mmoja akacheka. Akasema yeye akisikia jina hilo anakumbuka chumvi ya haluli aliyonyweshwa na bibi yake akiwa mtoto, na jinsi alivyoshinda chooni siku nzima. Halafu dada mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana darasani, alisema kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu alichomwa sindano ya magnesiamu hospitali, mimba ikiwa ya miezi minane. Alisema mwili ulimwaka moto. Lakini wauguzi walituambia ndiyo iliyomwokoa."

Basi somo la siku ile likaishia hapo, darasa likawa baraza. Watu wanne, habari nne. Mmoja imemsaidia miguu, mwingine haikumsaidia, mwingine imemwendesha, mwingine imemwokolea ndugu. Nani anasema kweli? Niliwaambia nipeni wiki moja. Nilikwenda kwa tabibu wa kituo chetu cha afya, nikasoma na vitabu nilivyoweza kupata. Haya ndiyo niliyorudi nayo. Wote wanne walikuwa wanasema kweli, ila hawakuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja.

MADINI YENYEWE

Magnesiamu ni madini. Kwa asili yake ni metali nyepesi yenye rangi ya fedha, na Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyefaulu kuitenga peke yake mwaka 1808. Lakini hakuna mtu anayemeza metali tupu. Katika chakula, na katika dawa, magnesiamu huwa imeshikana na kitu kingine, kama vile sodiamu ilivyoshikana na mwenzake ndani ya chumvi ya mezani.

Mwili wa mtu mzima una kama gramu 25 tu za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo katika mifupa. Nyingi ya inayobaki imo katika misuli na nyama nyingine za mwili. Katika maji ya damu imo kidogo mno, haifiki hata sehemu moja ya mia. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa damu akaambiwa kiwango ni kizuri, kumbe ghala la mifupani linapungua.

Kazi yake ni nyingi. Husaidia mwili kupata nguvu kutoka katika chakula, husaidia neva kupeleka habari, na husaidia misuli kulegea baada ya kukaza. Hilo la mwisho ndilo lililowafanya watu waanze kuitafuta kwa ajili ya miguu inayokaza usiku. Moyo nao ni msuli. Magnesiamu ikipungua sana mtu hukosa hamu ya kula, huchoka na kusikia kichefuchefu. Ikizidi kupungua, vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, na moyo huweza kupiga ovyo.

Lakini wanaofikia hali hiyo si wengi, maana figo zikiona magnesiamu ni kidogo huizuia isipotee katika mkojo. Wanaopungukiwa hasa ni watu wenye kuhara kwa muda mrefu, wanywaji wa pombe wa kupindukia, baadhi ya wagonjwa wa kisukari, na wanaotumia kwa muda mrefu vidonge fulani vya kukojoza maji. Wamo pia wanaomeza omeprazo mfululizo. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba omeprazo na ndugu zake, zikitumiwa kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja, huweza kushusha magnesiamu mwilini. Nalitaja hili kwa sababu huku kwetu omeprazo hununuliwa kama peremende.

JINA MOJA, CHUMVI MBALIMBALI

Sasa turudi kwa wale watu wanne.

Kidonge cheupe cha kutafuna anachotumia mama wa vitumbua ni magnesiamu iliyoshikana na kitu kinachotokana na mchanga, na mara nyingi imechanganywa na alumini. Kazi yake ni kupunguza ukali wa asidi tumboni. Inayoingia katika damu ni kidogo. Kwa hiyo miguu yake kuendelea kukaza si ajabu, maana kidonge kile hakikutengenezwa kwa ajili ya miguu. Nilimwambia na jambo jingine, na hakulipenda sana: kiungulia cha kila siku si cha kutafunia vidonge mwaka mzima. Ni cha kwenda kupimwa.

Haluli ya bibi ni chumvi nyingine kabisa. Waingereza wameiita kwa jina la mji wa Epsom. Inasimuliwa kwamba mwaka 1618, wakati wa ukame, mkulima mmoja wa huko aliona ng'ombe wake wanakataa maji ya kisima kwa kuwa yalikuwa machungu. Maji hayo yakawa maarufu kwa kusafisha tumbo. Chumvi hii haipiti kwa urahisi kuingia mwilini. Hubaki utumbuni na kuvuta maji, choo kinakuwa laini, na ukizidisha unaendesha. Kaka yetu hakudhuriwa na uchawi wa bibi. Alinyweshwa kipimo kikubwa, basi.

Vidonge vya mzee navyo ni oksaidi. Hii ina magnesiamu nyingi kwa uzito wake, lakini sehemu inayofyonzwa na mwili ni ndogo, na iliyobaki hufanya kazi ileile ya haluli. Ipo pia iitwayo sitrati, ambayo hufyonzwa vizuri zaidi. Huuzwa katika maduka makubwa ya dawa mijini, na bei yake ni ya mjini pia.

Hapa ndipo hesabu tuliyojifunza inapopata kazi. Oksaidi ina magnesiamu kama sehemu 60 katika kila 100. Kwa hiyo miligramu 500 za oksaidi zina miligramu 300 za magnesiamu yenyewe. Sitrati ina kama sehemu 16 tu katika 100, hivyo miligramu 500 za sitrati zina miligramu 80. Makopo mengine huandika uzito wa chumvi yote, mengine huandika uzito wa magnesiamu peke yake. Usipolitazama hilo, unaweza kudhani wewe na jirani yako mnameza sawa, kumbe yeye anameza karibu mara nne yako.

Tukamfanyia mzee hesabu ubaoni. Kopo lake lilikuwa limeandikwa uzito wa oksaidi. Vidonge viwili ni mara mbili 300, jumla 600. Mwanamume mzima anahitaji kama miligramu 400 hadi 420 kwa siku kutoka katika kila anachokula, na mwanamke kama 310 hadi 320. Kwa vidonge peke yake, bila kuhesabu chakula, wataalamu wa Marekani wameweka kikomo cha 350 kwa siku kwa mtu anayejinunulia mwenyewe bila daktari. Wa Ulaya wameweka 250. Mzee alitazama ubao kwa muda, akauliza: "Na ule ugali wa dona na maharage ninayokula mchana, hamjauhesabu?" Hatukuuhesabu.

"LAKINI MIMI VIMENISAIDIA"

Hili ndilo jambo lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote, nami naomba msomaji uwe na subira kidogo.

Mtu akisema, "Nilimeza, nikapona," huwezi kumwambia anadanganya. Yeye ndiye aliyeumwa na yeye ndiye aliyelala usingizi. Lakini neno lile lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, kwamba alimeza na baadaye akapata nafuu, ni habari. Sehemu ya pili, kwamba nafuu imetokana na kidonge, ni maoni. Inaweza kuwa kweli, inaweza isiwe.

Mwaka 2017 madaktari wa Israeli walichapisha habari za jaribio walilofanya kwa watu 94 waliokuwa wanakazwa na misuli ya miguu usiku. Wengi walikuwa watu wa umri wa mzee wetu. Karibu nusu walipewa vidonge vya magnesiamu oksaidi. Wengine walipewa vidonge vinavyofanana navyo kabisa kwa sura, lakini ndani havikuwa na dawa. Mgonjwa hakujua amepewa kipi, na aliyempa hakujua pia. Kila mtu alimeza kila usiku kwa wiki nne, akihesabu mara anazokazwa.

Waliomeza magnesiamu walianza na kama mara 8 kwa wiki, wakashuka hadi mara 4 na nusu. Wengi walifurahi bila shaka. Sasa wale waliomeza vidonge vitupu je? Walianza na mara 8 na nusu, wakashuka hadi 5 na nusu. Yaani kila kundi lilipungukiwa na mara kama 3. Tofauti iliyobaki kati yao ilikuwa ndogo mno, ya kuweza kutokea kwa bahati tu.

Darasani palikuwa na kimya. Halafu kaka wa haluli akauliza swali zuri: "Vidonge vitupu vinaponyaje?"

Haviponyi. Mkazo wa misuli una tabia ya kuja na kuondoka wenyewe. Na mtu hutafuta dawa lini? Anaitafuta siku zile ambazo umemzidi. Siku zikizidi ubaya, zinazofuata huelekea kuwa afadhali, kuna dawa au hakuna. Ni kama mdondo wa kuku. Ukiwapa kuku majani ya mwarobaini siku ambayo mdondo umekwisha ua wengi, vifo vitapungua tu, maana waliobaki ndio wale wenye nguvu. Utasema mwarobaini umetibu. Isitoshe, kidonge kilichotoka kwa binti yako aliye mbali kina upendo ndani yake, na mtu anayejua anapendwa hulala vizuri zaidi. Hilo la mwisho ni langu, si la madaktari.

Mwaka 2020 wataalamu waliolinganisha majaribio 11 ya aina hii walisema kwamba kwa wazee, haielekei kuwa magnesiamu inapunguza mkazo wa misuli kwa kiasi cha maana. Kwa wajawazito majaribio yalipingana, mengine yakisema ndiyo na mengine hapana.

Usidhani kwamba nataka kusema vidonge hivi ni bure kwa kila jambo. Kwa kulainisha choo vinafanya kazi, na hakuna ubishi. Kwa kipandauso, yaani kile kichwa kinachogonga upande mmoja na kuleta kichefuchefu, ushahidi ni afadhali. Katika jaribio moja la Ujerumani lililochapishwa mwaka 1996, watu 81 walishiriki. Waliopewa miligramu 600 za magnesiamu kwa siku, baada ya wiki nane, mashambulio yao yalipungua kwa kama asilimia 42. Waliopewa vidonge vitupu, yao yalipungua kwa asilimia 16. Hapo unaona pengo. Lakini katika kila watu 100 waliomeza magnesiamu, kama 19 waliharisha.

Mimi mwenyewe nina kipandauso tangu nikiwa chuo cha ualimu. Mwaka jana tabibu alinikubalia nijaribu sitrati kwa miezi mitatu. Wiki ya kwanza nilimeza dozi yote asubuhi kabla ya kula, na nikaachia darasa katikati nikikimbilia chooni. Wanafunzi wangu wanalikumbuka hilo kuliko masomo yote. Baadaye niligawa dozi mara mbili, nikimeza pamoja na chakula, na tumbo likatulia. Niliweka alama kwenye kalenda kila siku kichwa kilipouma. Kabla ya vidonge zilikuwa siku 5 kwa mwezi, baadaye zikawa 3. Je, ni magnesiamu? Miezi ileile nilikuwa nimeacha pia tabia ya kwenda kazini bila kifungua kinywa. Nikiulizwa nasema: nimepata nafuu, ila siwezi kuapa imetoka wapi.

ALIYENISUBIRI NJE

Jioni ile ya hesabu ya ubaoni, watu walipotawanyika, mmoja alibaki akikunja mkeka polepole. Mpaka wenzake walipofika mbali ndipo aliponisogelea.

"Mwalimu, mtu akiwa na dawa zake za kila siku, zile za kliniki, anaweza kutafuna zile za kiungulia?"

Nilimwuliza anazitafuna saa ngapi. Akasema saa tatu usiku, zote kwa pamoja, asije akasahau mojawapo. Dawa za kliniki alizozitaja ni za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Nilimwambia sijui, lakini asiache dawa zake hata siku moja, na kesho yake kukicha twende wote kuuliza. Muuguzi wa kliniki alimpokea vizuri, akamweleza. Kidonge kimoja cha siku ambacho wagonjwa wengi wa Tanzania walianzishiwa kuanzia mwaka 2019 kina dawa iitwayo dolutegravir. Magnesiamu na alumini zilizo katika dawa za kiungulia huikamata dawa hiyo tumboni, zikashikana kama gundi, isiweze kuingia katika damu inavyotakiwa. Mgonjwa anameza kila siku bila kukosa, lakini ni kama anameza nusu. Virusi havijui kwamba ana bidii. Vikipata mwanya vinazaana.

Dawa ile inywe angalau saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Huyu ndugu sasa anakunywa dawa yake saa tatu usiku kama kawaida, na cha kiungulia, akikihitaji, anakitafuna mchana baada ya chakula. Hakuwa amewahi kuulizwa juu ya kiungulia, naye hakuwahi kusema, kwa sababu cha kiungulia kwake hakikuwa "dawa". Kilikuwa kitu cha dukani tu.

Dawa nyingine zinazokamatwa namna hiyo ni doksisaiklini, na ile watu wanayoiita sipro, na vidonge vya wagonjwa wa tezi ya shingo. Kila moja ina saa zake za kuachanisha. Anayekupa dawa ndiye wa kumwuliza, lakini ni lazima umtajie yote unayomeza, ya kopo, ya paketi na ya chupa ya kienyeji.

WENYE FIGO MBOVU NA WAJAWAZITO

Nilisema figo huzuia magnesiamu isipotee. Hufanya na kinyume chake: ikizidi, huitoa katika mkojo. Kwa hiyo mtu mwenye figo nzima akizidisha vidonge, mara nyingi ataharisha na habari ikaishia hapo. Mwenye figo mbovu hana mlango huo wa kutokea. Magnesiamu hujaa katika damu. Ataanza kusinzia, misuli italegea, presha itashuka, moyo utakwenda polepole, na mwisho pumzi itashindwa. Ubaya ni kwamba figo huharibika bila kelele, hasa kwa watu wenye presha au kisukari cha miaka mingi. Wazee wengi hawajui hali ya figo zao.

Kuhusu yule dada na ndugu yake. Kifafa cha mimba huanza na presha kupanda, kwa kawaida baada ya nusu ya ujauzito. Kichwa huuma sana, macho huona maruweruwe, tumbo huuma juu karibu na mbavu, uso na mikono huvimba, halafu huja degedege. Huua mama na mtoto. Sindano ya magnesiamu, ambayo ni chumvi ileile ya haluli lakini imesafishwa na kupimwa kwa ajili ya mwili, hukinga na kutibu degedege hilo. Matokeo ya jaribio kubwa yalitolewa mwaka 2002. Wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 walishiriki, na sindano ilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Kuwaka moto mwilini alikosikia ndugu yake ni jambo la kawaida kwa wanaochomwa.

Lakini sindano hii ina ulinzi wake. Kabla ya kila dozi muuguzi hugonga goti aone kama mguu unaruka, huhesabu pumzi, na hupima mkojo. Goti likikataa kuruka, dozi inasimamishwa, maana hiyo ni dalili ya kwanza kwamba imezidi. Na dawa ya kuizima huwa tayari pembeni. Kidonge cha dukani hakiwezi kufanya kazi ya sindano hii. Nalisema kwa sababu wiki ileile mume mmoja aliyesikia habari za darasa letu aliniuliza kama amnunulie mkewe mjamzito vidonge vya magnesiamu, kwa kuwa kichwa kinamwuma na uso umevimba. Nilimwambia aache kuuliza bei, atafute pikipiki ampeleke mkewe kituo cha afya saa ileile. Alimpeleka. Presha ilikuwa juu, wakapelekwa hospitali ya wilaya kwa gari la wagonjwa.

ILIYOMO CHUNGUNI

Mama wa vitumbua aliuliza swali ambalo nililingoja: "Kama mtu anaitaka hii magnesiamu bila kopo, ataipata wapi?" Ataipata jikoni. Mbegu za maboga zilizokaangwa zina nyingi sana: gramu 28, yaani kama kiganja kimoja, zina karibu miligramu 156. Korosho kiasi hichohicho zina kama 74. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa ni kama 60. Mchicha na majani mengine ya kijani yamo, karanga zimo, parachichi na ndizi zina kidogo. Katika mahindi, magnesiamu nyingi imo kwenye kiini na ganda. Mashine ya kukoboa huiondoa, tukawapa kuku pumba na sisi tukabaki na weupe. Wanaokula dona wana zaidi. Na magnesiamu ya chakula haina kikomo kwa mwenye figo nzima.

Mbegu za maboga kwetu hutupwa au hupewa watoto wachezee. Mama wa vitumbua sasa anazikaanga na kuziuza kwenye vikaratasi, 200 kwa kikaratasi, na wateja anao.

Tukarudi kwa mzee. Jioni ile ya hesabu alifunga kopo lake na kunitazama. "Kwa hiyo nimwambie binti yangu kwamba alitupa pesa?"

Nilimwambia hapana, kwanza twende kwa tabibu na kopo mkononi. Tabibu alimwuliza ni dawa gani nyingine anakunywa. Kumbe mzee ana presha miaka 11, na anakunywa vidonge vya kukojoza maji. Vidonge vya aina hiyo vyenyewe vinaweza kupunguza madini mwilini na kuleta mkazo wa misuli, na presha ya miaka 11 ni sababu tosha ya kuzichunguza figo. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa anaihitaji magnesiamu kweli, na anaweza kuwa mtu asiyefaa kabisa kuimeza. Kopo halikuweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili. Alichukuliwa damu na mkojo, vikapelekwa hospitali ya wilaya. Aliambiwa asimamishe vidonge vya magnesiamu mpaka majibu yarudi, aendelee na vya presha, na kila jioni kabla ya kulala asimame akiegemea ukuta, visigino chini, anyooshe shavu la mguu polepole.

Majibu yanatarajiwa wiki ijayo. Kopo liko juu ya kabati nyumbani kwake. Vimebaki vidonge 84, amevihesabu mwenyewe na kuandika tarakimu hiyo kwa kalamu kwenye kifuniko, pamoja na tarehe.